Mstari wa Maji Ubavuni mwa Chombo

 Leo tuzungumze habari ya mstari wa rangi, ule unaochorwa ubavuni mwa chombo kutoka omo, yaani mbele, hadi tezi, yaani nyuma, ukatenga sehemu inayokaa majini na sehemu inayobaki juu kavu. Ukipita Nungwi kule Unguja, Matondoni katika kisiwa cha Lamu, au Chole huko Mafia, mahali ambapo mafundi wangali wanaunda vyombo vya mbao, utaiona mistari hiyo: chini nyekundu au nyeusi, juu nyeupe, buluu au kijani. Anayetazama kwa mbali huona pambo. Lakini fundi aliyeshika brashi ana swali mbele yake, na swali lenyewe ni zito. Mstari huu uwe wapi? Na nani mwenye haki ya kusema kwamba hapa ndipo?

Jibu langu nalitoa mapema ili tuende nalo pamoja. Mahali pa mstari huamuliwa na maji, na huamuliwa mapema, wakati hakuna mteja anayeharakisha wala nauli inayosubiri kupokewa. Mstari uliowekwa kwa kukisia, au uliopandishwa ili mzigo upate nafasi, ni rangi tupu. Katika pwani yetu na katika maziwa yetu, rangi tupu imeshatugharimu roho za watu.

Tuanze na maji yenyewe. Chombo kinaposhushwa husukuma maji na kujipatia nafasi. Huendelea kuzama mpaka uzito wa maji yaliyosukumwa ulingane na uzito wa chombo pamoja na kila kilichomo: mbao, mlingoti, injini, nanga, watu, magunia. Hapo ndipo kinapoelea. Archimedes wa Syracuse alilieleza jambo hili zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, na halijabadilika tangu siku hiyo. Maana yake ni kwamba bahari ni mizani. Kila kilo unayoipakia, maji yanaipima, na jibu linaandikwa pale maji yanapougusa ubavu.

Tufanye hesabu ndogo. Tuchukue mashua yenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 3. Kwa kuwa mashua huchongoka mbele na kujikusanya nyuma, eneo lake pale inapokutana na maji tuseme ni mita za mraba 21. Maji ya bahari yana uzito wa kilo 1,025 hivi kwa kila mita moja ya ujazo. Basi ili mashua hiyo izame sentimita 1 zaidi, inahitaji mzigo wa kilo 215, yaani watu watatu wa kawaida. Mifuko 30 ya saruji, kila mmoja wa kilo 50, inaizamisha sentimita 7. Wakipanda abiria 30, wanaishusha sentimita nyingine 10 kasoro kidogo. Ubavu uliokuwa na sentimita 50 juu ya maji asubuhi, sasa una 33 tu. Na hakuna aliyeuona ukishuka, maana ulishuka taratibu, kila mtu akipanda na furushi lake, kila gunia likiingia kwa zamu yake. Jicho la mtu haliwezi kukumbuka maji yalikuwa wapi saa moja iliyopita. Kazi hiyo ya kukumbuka tumeipa rangi.

Wazee waliounda majahazi walikuwa na mstari huu hata kabla ya rangi za madukani. Chombo kilipandishwa pwani wakati wa bamvua, maji yakapwa, kikabaki kikavu juu ya mchanga. Mabaharia wakakikwangua, wakakipitishia moto wa makuti kuua minyoo itoboayo mbao, wakatia kalafati palipolegea, kisha wakakipaka deheni, mchanganyiko wa chokaa na shahamu. Sehemu ya juu ya ubavu wao waliipaka sifa, mafuta ya papa, ili jua lisizipasue mbao. Chini pakawa peupe, juu pakawa na rangi ya mbao inayong'aa, na pale vitu viwili hivyo vilipokutana ndipo palipokuwa mstari wa maji. Mpaka ule ulitokana na kazi. Deheni ilikuwa dawa ya mbao zinazozama, sifa ilikuwa dawa ya mbao zinazopigwa na jua. Aliyekosea mpaka, akaishusha deheni kupita kiasi, aliacha ubao mmoja mzima uliwe na minyoo msimu mzima bila yeye kujua.

Sababu hiyo ingalipo leo. Rangi nyingi za chini ya maji zina oksaidi ya shaba ndani yake, na ndiyo moja ya sababu tunaona wekundu mwingi chini ya vyombo. Shaba huwafukuza viumbe wanaopenda kujishikiza kwenye mbao na chuma. Ni rangi ya gharama, na fundi hutamani kuipaka kidogo. Lakini ikiishia chini ya mahali maji yanapofika, mwani na magamba huota pale pale ilipokosekana, chombo kinakuwa kizito, na mwendo wake unapungua.

Sasa, fundi anaupataje mstari wenyewe? Wapo wanaopima kutoka ukingo wa juu wa chombo: wanashusha futi mbili kila mahali, wanapiga uzi, wanachora. Njia hiyo ni rahisi na ni ya makosa. Ukingo wa mashua haukulala sawa; umepanda kuelekea omo, umepanda tena kuelekea tezi, katikati umeinama. Mstari unaofuata ukingo utainama kama ukingo ulivyoinama, ilhali maji hayainami. Chombo kikishushwa, katikati rangi imezama na kwenye omo imebaki hewani.

Njia ya haki ni kuyauliza maji. Chombo kikiwa tayari, kishushwe na vitu vyake vya kila siku: nanga na kamba zake, tanga au injini, mafuta nusu ya tangi, maji ya kunywa, na mabaharia katika nafasi zao. Kama ni chombo kinachotembea na farumi, mawe au mchanga wa kukituliza, farumi iwemo. Ngama, yaani sehemu ya chini ndani ya chombo, ikaushwe, maana maji yaliyotuama ndani yatadanganya kipimo. Kazi hii ifanyike alfajiri, kabla ya upepo kuamka, mahali palipotulia. Mtu mmoja azunguke na mtumbwi mdogo, taratibu bila kuyatikisa maji, atie alama kwa penseli ya seremala pale maji yanapogusa: omo pande zote mbili, tezi pande zote mbili, na katikati kulia na kushoto.

Kisha zilinganishwe. Alama za kulia zikiwa juu kuliko za kushoto, chombo kimelalia upande. Hapo fundi asiupake ulemavu ule rangi. Asogeze injini, ahamishe farumi, apange upya, kisha apime tena. Vivyo hivyo chombo kikiwa kimezamisha tezi kupita kiasi na kuinua omo. Mstari unatakiwa kuonyesha chombo kinavyopaswa kukaa, na kabla ya kuuchora ni lazima kwanza chombo kikae hivyo.

Baada ya hapo kinapandishwa pwani na kuegemezwa kwa magogo mpaka alama zote ziwe katika usawa mmoja. Kuziunganisha, kifaa bora kuliko vyote ni mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ule ule ambao mafundi ujenzi huutumia kupima usawa wa msingi wa nyumba. Unaujaza maji, ukiwa na uhakika hakuna povu la hewa ndani. Ncha moja unaishika kwenye alama, ncha nyingine unaitembeza ubavuni. Maji katika ncha zote mbili husimama kimo kimoja, hata kati yao pakiwa na mita 8 na kifua kizima cha mashua. Tia alama kila nusu mita, na kule nyuma karibu na tezi tia karibu karibu zaidi. Mahali pale mbao zimejilaza, na kimo cha sentimita 2 tu kinaweza kuwa upana wa sentimita 6 juu ya ubao. Ndiyo maana mstari uliochorwa kwa jicho hupotea zaidi nyuma kuliko mbele. Ukiutazama ukiwa umesimama karibu yake utaona kama umepinda, na mkono utakuwasha kuunyoosha. Usiunyooshe. Rudi nyuma hatua ishirini, chutama, utazame tena.

Rangi ya chini haiishii juu ya alama hizo hasa. Inapandishwa sentimita 3 hadi 5 juu yake, kwa sababu maji ya bandarini hayatulii kama yalivyotulia alfajiri ile, na ubao unaolowa na kukauka mara elfu kwa siku ndio mwani unaoupenda. Hiyo ndiyo rangi. Na mstari ukishapatikana namna hii, unaanza kutoa habari kila siku. Mashua iliyolala nangani bila mzigo, asubuhi ikakutwa imeuzamisha mstari kwa sentimita 2, ina zaidi ya kilo 400 za maji ndani yake. Nahodha hajaingia chomboni bado, na ameshajua kuna mahali panavuja.

Mpaka hapa nimesema habari ya mstari wa kwanza, ule unaoonyesha chombo kinakaa wapi kikiwa chepesi. Upo wa pili, nao ndio ulionileta kwenye kipaza sauti leo. Ni ule unaosema: kikizama kufikia hapa, mwisho, hapakiwi mtu wala gunia tena.

Haja ya mstari huo ni ya kale. Venisi katika zama za kati iliagiza meli zake ziwe na alama ya msalaba ubavuni, na Genoa ikawa na mistari mitatu. Mwaka 1835, Lloyd's Register ya London, watu wa usajili wa meli, walitoa kanuni iliyosema kwamba kwa kila futi 1 ya kina cha ngama, meli iache inchi 3 za ubavu juu ya maji. Ilikuwa kanuni ya hiari. Mwenye meli mwema aliifuata, na mwenye tamaa alipakia mpaka gati likabaki tupu.

Tamaa ilikuwa na njia yake ya kujilinda. Katika Uingereza ya karne ya 19, meli kuukuu iliweza kuwekewa bima kubwa kuliko thamani yake. Ikifika salama, mwenye mali amepata faida ya mzigo mkubwa. Ikizama, bima inamlipa. Waliopoteza ni mabaharia, wake zao na watoto wao. Watu waliziita meli hizo majeneza. Na baharia aliyekwisha kutia saini, akaona meli ilivyozamishwa na mzigo, akakataa kusafiri, aliweza kufungwa jela.

Hapo ndipo alipotokea Samuel Plimsoll, mzaliwa wa Bristol mwaka 1824, mfanyabiashara wa makaa ya mawe aliyeingia Bungeni mwaka 1868 akiwakilisha Derby. Wazo la kuziwekea meli kikomo cha mzigo halikuwa geni. James Hall, mwenye meli wa kaskazini mwa Uingereza, alikuwa amelipigania kabla yake. Plimsoll aliandika kitabu kuhusu mabaharia mwaka 1873, akaeleza kwa moto jinsi walivyokuwa wakipotezwa. Julai 1875, serikali ya Disraeli ilipouweka kando muswada wa usalama wa meli, Plimsoll alipandwa na hasira Bungeni, akapaza sauti akiwaita baadhi ya wabunge waovu, mpaka akatakiwa kutoka. Wananchi walisimama upande wake. Mwaka uliofuata, 1876, sheria ikapita: meli za Uingereza ziwe na alama ya mzigo ubavuni.

Lakini sikiliza vizuri, msikilizaji, kwa maana hapa ndipo penye somo. Sheria ile ya 1876 ilimlazimisha mwenye meli kuchora alama, ila ilimwachia yeye mwenyewe kuamua mahali pa kuichora. Akitaka kuiweka chini, sawa. Akitaka kuipandisha karibu na sitaha, sawa pia, ilimradi alama ipo. Miaka 14 ilipita namna hiyo. Ni mwaka 1890 ndipo sheria ilipotoka tena, ikamnyang'anya mwenye meli uamuzi ule na kuukabidhi kwa kanuni zilizowekwa na dola. Kutoka mwaka huo alama ikawa na maana. Plimsoll alifariki mwaka 1898, akiwa ameiona.

Sizungumzi habari ya Waingereza kwa kuwa ni wao. Naizungumza kwa kuwa walilipia somo hili kwa watu wao, na sisi hatuna haja ya kulilipia mara ya pili. Mstari unaochorwa na anayefaidika na mzigo utapanda. Utapanda hata kama mchoraji ni mtu mwema mcha Mungu, kwa sababu siku ya gulio, watu wamejaa ufukweni, watoto wanalia na jua linazama, huruma na faida husukuma upande mmoja.

Leo meli kubwa za kimataifa zinafuata mkataba wa alama za mzigo wa mwaka 1966, uliorithi ule wa 1930. Ukienda bandari ya Dar es Salaam, Mombasa au Tanga, tazama katikati ya ubavu wa meli ya mizigo. Utaona duara lenye kipenyo cha milimita 300, limekatwa na mstari wa mlalo. Pembeni yake kuna ngazi ya mistari mifupi yenye herufi: S kwa majira ya joto, W kwa majira ya baridi, T kwa bahari za tropiki, F kwa maji baridi, yaani maji yasiyo na chumvi, na TF kwa maji baridi ya tropiki. Kwenye meli ndogo ndogo za kundi hilo kuna pia WNA, ya chini kabisa, kwa majira ya baridi katika Atlantiki ya Kaskazini, ambako mawimbi hayana huruma. Herufi zilizo kando ya duara zinamtaja aliyeamua: shirika la ukaguzi wa meli. Jina la mwenye meli halimo pale, na halimo kwa makusudi.

Hiyo F ina habari inayotuhusu. Maji ya chumvi ni mazito zaidi, kwa hiyo yanabeba zaidi. Chombo kikitoka baharini kikaingia maji baridi, kinazama zaidi bila kuongezwa hata kifurushi. Tofauti ni kama sehemu moja kwa 40. Mashua inayotoka Kilindoni, Mafia, ikaingia kwenye milango ya Rufiji wakati mto umefurika, itakaa chini kidogo kuliko ilivyoondoka. Kwa mashua yenye nafasi ya kutosha juu ya maji, hilo si kitu. Kwa iliyokwisha kupakiwa mpaka ukingoni, sentimita hizo chache ndizo zilizokuwa zimebaki. Na vyombo vyote vya Ziwa Victoria, Tanganyika na Nyasa viko ndani ya maji baridi siku zote. Kipimo chao kichukuliwe ziwani kwenyewe. Kipimo kilichoazimwa kutoka baharini hakiwafai.

Sasa mkataba ule wa 1966 hauvihusu vyombo vipya vilivyo chini ya mita 24, wala vyombo vya uvuvi, wala vyombo visivyokwenda safari za kimataifa. Fikiri ni vyombo vipi vinabaki nje. Mashua zetu. Majahazi mengi. Mitumbwi ya injini inayovusha watu visiwani. Vivuko vya ziwani. Kwa hivyo ni sheria za nchi na desturi za pwani zinazobaki. Tanzania Bara kazi ya kusimamia usalama wa vyombo iko kwa TASAC, yaani Shirika la Uwakala wa Meli, Zanzibar kuna Mamlaka ya Usafiri Baharini, na Kenya kuna Mamlaka ya Bahari, KMA. Hao hukagua na kutoa vyeti. Lakini cheti kinakaa kwenye droo au kwenye chumba cha nahodha, na abiria hakioni. Ubavu unaonekana na kila mtu.

Tunayajua yaliyotupata. Tarehe 29 Aprili 1994, kivuko cha Mtongwe kilipinduka Mombasa, karibu kabisa na nchi kavu, watu zaidi ya 270 wakafa. Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza pamoja na mamia ya watu. Septemba 2011 ikazama MV Spice Islander, usiku, katika mkondo wa Nungwi, ikielekea Pemba. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na gati la Bwisya, kisiwani Ukara, kikitokea Bugolora. Kivuko hicho kilikuwa na uwezo wa kubeba watu 101. Waliokufa walizidi 220. Waliokufa peke yao ni zaidi ya mara mbili ya wale waliotakiwa kuwemo.

Kila mara baada ya msiba tunasikia watu wakisema ajali haina kinga. Nawaheshimu wanaosema hivyo, kwa kuwa wanasema wakiwa na kilio. Lakini kupakia kupita kiasi kunaonekana kabla ya safari, mchana kweupe, kwa mtu yeyote mwenye macho, ikiwa pana mstari wa kutazamwa. Kinga ilikuwepo, na ilikuwa na muda wa kutosha kufanya kazi.

Niwe mkweli pia juu ya kile ambacho mstari hauwezi. Mstari unapima uzito. Haupimi mzigo umepangwa vipi. Tani 2 zikilazwa chini ngamani hukituliza chombo. Tani 2 hizo hizo, zikiwa ni watu waliosimama juu, hukifanya kiwe chepesi kupinduka, na mstari utaonyesha kitu kile kile. Watu wakikimbilia upande mmoja, kwa kuona gati au kwa kukimbia mvua, mstari hauwazuii. Maji yakiingia ndani yakafika sentimita 10 juu ya sakafu ya mita za mraba 15, hiyo ni tani moja na nusu, sawa na ile mifuko 30 ya saruji tuliyoihesabu, ila hii hutembea: chombo kikilalia kushoto, yote hukimbilia kushoto na kukivuta zaidi. Kwa hiyo nahodha anahitaji mambo mengine mengi pamoja na mstari. Bila mstari, hata hivyo, anaanza safari akiwa hajui jambo la kwanza kabisa, nalo ni chombo chake kina uzito gani.

Basi mstari huu wa pili uamuliwe vipi kwa chombo kidogo cha mbao? Nashauri hivi. Uamuliwe siku isiyo ya kazi, chombo kikiwa tupu, wakiwepo watu watatu: fundi aliyekiunda au anayekijua, nahodha anayekiendesha, na mtu wa tatu asiye na hisa katika chombo hicho, awe mkaguzi wa mamlaka au mzee wa bandari anayeheshimiwa. Wapime kwanza mstari wa chombo kikiwa chepesi, kama nilivyoeleza. Kisha wakipakie mifuko ya mchanga iliyopimwa, kwa hatua, mpaka uzito ulioandikwa kwenye cheti utimie. Katika kila hatua wapime ubavu uliobaki juu ya maji, tena mahali ukingo ulipo chini kuliko kote. Waulizane: katika kusi kali, mawimbi ya mkondo wetu yana kimo gani? Ile kanuni ya robo ya mwaka 1835 ilikuwa ya meli zenye sitaha, ambazo wimbi likipanda juu linatelezea nje. Mashua iliyo wazi haina sitaha. Wimbi linaloingia linabaki ndani. Inastahili zaidi ya robo. Na kama ubavu unaobaki hautoshi, wapunguze idadi ya watu kwenye cheti. Wasiupandishe mstari.

Wakikubaliana, mstari uchorwe katikati ya chombo, pande zote mbili, mnene, kwa rangi inayoonekana hata na mtu asiyejua kusoma: mweupe juu ya mbao nyeusi, au mweusi juu ya nyeupe. Kisha uchongwe kidogo kwenye ubao kwa patasi, ili atakayepaka rangi mwakani asiuhamishe kwa bahati mbaya wala kwa makusudi. Meli za chuma hufanya hivyo hivyo. Alama zao hutiwa kwa kudumu kwenye bamba, na rangi hupita juu yake tu. Chombo kikibadilishwa injini, kikiongezwa sitaha au paa, kipimo kirudiwe. Chombo kilichokaa majini miaka mingi mbao zake zimekunywa maji na kimekuwa kizito kuliko kilipozaliwa, hicho nacho kipimwe tena.

Nawe abiria, unayengoja kuvuka kwenda Mafia, Pemba, Ukerewe au Lamu, una kazi yako. Kabla hujapanda, tazama ubavu. Mstari ukiwa juu ya maji, panda kwa jina la Mungu. Ukiwa umezama, usimgombeze nahodha, maana huenda naye anasukumwa. Mwambie kwa adabu, "Nahodha, mstari umezama," na uwaambie walio pembeni yako. Mama mwenye mtoto mgongoni ana haki ya kuyasema maneno hayo sawasawa na mkaguzi mwenye sare. Na ikibidi, ngoja chombo kinachofuata.

Wenye vyombo nawaomba walione jambo hili kama ulinzi wao. Nahodha mwenye mstari ubavuni ana jibu kwa tajiri anayemwambia aongeze magunia kumi, ana jibu kwa jamaa anayemwomba nafasi moja tu. Hahitaji kubishana wala kuonekana mkaidi. Anaonyesha kwa kidole. Kuna manahodha wengi hodari waliopotea kwa kushindwa kukataa, na mstari ungewasaidia kukataa.

Rangi ya kuchora mistari miwili mifupi haizidi kikopo kidogo. Kazi ni ya asubuhi moja. Kilichobaki ni desturi, na desturi hujengwa na watu wa kawaida wanaotazama jambo lile lile kila siku na kulitaja kwa sauti. Mwenye chombo akiona kwamba kila abiria anautazama ubavu kabla ya kupanda, atauweka mstari mahali maji yaliposema, na atauacha hapo hapo.